Tathmini: Hodhi la maji ya barafu kwa timu za vyuo, na vinavyouzwa badala yake

Katika orodha ya vifaa ambavyo idara ya michezo ya chuo huombewa fedha, hodhi la kumzamishia mchezaji aliyepatwa na kiharusi cha joto kwa kawaida huwa mwishoni, na mara nyingi hukatwa. Ni hodhi la plastiki nene, lile lile la kunyweshea mifugo. Halina injini wala kioo cha kusomea, na hakuna mdhamini anayetaka kupiga nalo picha. Hata hivyo, kwa tatizo hili hakuna kifaa kingine cha uwanjani kinacholikaribia.

Tutoe uamuzi mapema. Nunua hodhi la lita 400 hadi 570. Nunua kipimajoto chenye waya laini, cha kupimia kwa njia ya haja kubwa. Weka turubai la akiba. Vifuko vya barafu, feni za mvuke (zinazopuliza matone madogo ya maji) na fulana za kupozea usivihesabu kuwa tiba, hata tangazo liseme nini. Mengi ya yanayofuata yanahusu matumizi, kwa sababu hodhi linaweza kununuliwa vizuri likatumiwa vibaya, au lisitumiwe kabisa.

Kiharusi cha joto cha mazoezi ni hali ambayo joto la ndani la mwili hupanda hadi kwenye nyuzi 40.5 au zaidi, na ubongo unaanza kuyumba: mchezaji anapepesuka, anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, anasahau alipo, au anaanguka. Misuli inazalisha joto haraka kuliko jasho linavyoweza kuliondoa. Usisubiri ngozi kavu. Hiyo ni dalili ya wazee waliofungiwa ndani wakati wa joto kali. Kijana anayekimbia huwa bado analowa jasho mwili mzima. Tena haimpati mvivu. Humpata anayejituma, hasa siku za kwanza za maandalizi ya msimu, mwili ukiwa haujazoea joto, na zaidi akiwa na umbo kubwa, amevaa mavazi ya kujikinga, au amepewa mbio za adhabu.

Kinachoamua kama atapona ni muda ambao viungo vyake vinakaa kwenye joto hilo kuliko kilele lilichofikia. Lengo linalokubalika ni kulishusha ndani ya dakika 30 tangu aanguke. Katika mbio za barabarani za Falmouth, Massachusetts, ambazo hufanyika Agosti, wahudumu wa hema la tiba waliwatibu wakimbiaji 274 wenye kiharusi cha joto katika kipindi cha miaka 18 kwa kuwazamisha kwenye maji ya barafu. Wote walipona. Upande wa pili ni Chuo Kikuu cha Maryland, Mei 29, 2018. Jordan McNair, mchezaji wa mpira wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 19, alilemewa wakati wa mbio za kujipima. Uchunguzi huru uliofuata ulikuta kwamba hakupimwa joto la ndani, hakuzamishwa kwenye maji baridi, na gari la wagonjwa liliitwa baada ya zaidi ya saa moja tangu dalili zianze. Alifariki Juni 13. Hatuandiki haya kutisha watu. Tunayaandika kwa sababu kilichokosekana pale si teknolojia ngumu, ni maji, barafu na uamuzi.

Kasi ndiyo kipimo cha bidhaa hizi zote. Kule Falmouth joto la wagonjwa lilishuka kwa wastani wa nyuzi 0.22 kila dakika. Chukua mchezaji mwenye nyuzi 42 unayetaka kumfikisha 39. Kwa kasi ya 0.2, hodhi linamaliza kazi kwa dakika 15. Taulo zilizolowa maji ya barafu na kubadilishwa mfululizo huenda kwa 0.11 hivi, yaani karibu dakika 27. Vifuko vya barafu vikiwekwa shingoni, makwapani na kwenye kinena hutoa takriban 0.03 tu. Piga hesabu: saa moja na dakika 40. Ndiyo maana hatuvipi alama yoyote kama tiba ya kiharusi cha joto, ingawa vimejaa kwenye kila sanduku la huduma ya kwanza.

Kuna hoja ya zamani kwamba maji ya barafu huibana mishipa ya ngozi na kufungia joto ndani. Mishipa hubana kweli, lakini maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na kwa mtu aliyefika nyuzi 41 joto linalotoka ni kubwa kuliko linalozuiwa. Daktari au kocha anayekataa hodhi kwa hoja hii aelezwe hivyo kwa upole, kisha hodhi lijazwe.

Hodhi la kuchagua

Umbo linalofaa ni la duara dufu, urefu wa karibu mita moja na nusu, ukuta wenye kimo cha sentimita 60 hivi. Kimo hicho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukuta mfupi unawaruhusu watu wanne kumwinua mtu aliyelegea na kumpitisha juu ya ukingo bila kumwangusha. Kwa sababu hiyo hiyo hatupendekezi mapipa marefu ya kusimama yanayouzwa kwa ajili ya kujipoza baada ya mazoezi. Yanamfaa mtu mwenye fahamu anayepanda ngazi mwenyewe. Mtu aliyezimia huwezi kumtumbukiza humo, na ukifanikiwa huwezi kumshika kichwa vizuri wala kumtoa haraka.

Mabeseni ya kujaza upepo yana faida moja tu, ni mepesi kusafirisha. Njumu ikigusa kitambaa, umepoteza hodhi, na wakati wa dharura hakuna anayekumbuka kuvua njumu kwanza. Yale yenye mashine ya kupozea maji ni mazuri kwa chumba cha tiba, lakini yanahitaji umeme, na umeme mara nyingi uko kwenye jengo, si ukingoni mwa uwanja. Hodhi lililo mita 200 kutoka alipoanguka mchezaji limeshakula dakika kadhaa kabla halijafanya kazi.

Angalia kizibo cha chini kabla ya kulipa. Ndiyo sehemu inayoharibika kwanza. Kizibo cha kusukumia bila nyuzi za kukaza huvuja polepole, na asubuhi unakuta maji yamepungua kwa robo. Chagua chenye nyuzi na mpira wa kuzuia uvujaji, tena chenye tundu pana, maana hodhi lazima limwagwe na kusafishwa kila baada ya siku ya matumizi. Lijaze, liache usiku kucha, weka alama ya kina cha maji kwa kalamu, uangalie kesho yake. Plastiki isiyotengenezwa kuhimili jua hupauka na kupasuka kwenye kona za juu baada ya misimu michache, kwa hiyo pitisha kidole ukingoni kila mwanzo wa msimu ukitafuta nyufa.

Ukubwa sasa. Mchezaji wa kilo 100 akizama hadi shingoni anasukuma karibu lita 90 za maji, na wa kilo 140 anasukuma kama lita 130. Hodhi la lita 400 likiwa na lita 300 za maji na barafu linamtosha mkimbiaji au mchezaji wa mpira wa miguu, lakini akiingia mtu mkubwa linafurika na barafu inamwagika pamoja na maji. Kwa timu ya mpira wa Kimarekani, raga, au warusha tufe na kisahani, nenda moja kwa moja kwenye lita 570. Mrefu wa mita mbili hatanyooka humo, na si lazima anyooke. Kiwiliwili ndicho kipewe nafasi ya kwanza; miguu ikibaki nje, ifunikwe kwa taulo za barafu.

Barafu kiasi gani

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Maji yanapaswa kuwa kati ya nyuzi 2 na 15. Kama maji ya bomba yana nyuzi 28, lita 300 zinahitaji karibu kilo 60 za barafu ili kufika nyuzi 10. Kama bomba linatoa nyuzi 20, kilo 33 hivi zinatosha. Fizikia yake haina ubishi, na inaonyesha jambo ambalo wengi hawalitegemei: mwili wenyewe hauhitaji barafu nyingi. Kumshusha mtu wa kilo 80 nyuzi 3 kunatoa joto ambalo kilo mbili na ushei za barafu zinaweza kulimeza, na hata barafu ikiwa imekwisha, maji ya hodhi yangepanda kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi tu. Karibu barafu yote inatumika kuyapoza maji ya bomba na kupambana na jua.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, hodhi lipozwe kabla ya mazoezi, lisisubiri mtu aanguke. Wapo wanaojaza maji nusu na kuweka barafu kando kwenye masanduku ya baridi ili waimwage dharura ikitokea. Ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila barafu iliyomwagwa kwenye maji ya uvuguvugu inahitaji dakika kadhaa za kukoroga kabla maji hayajashuka, na hizo ni dakika za mgonjwa. Sisi tungepoza hadi chini ya nyuzi 15 nusu saa kabla ya mazoezi, tuweke mfuniko na kivuli, na tuache kilo 20 kwenye sanduku pembeni ili barafu iendelee kuelea muda wote. Pili, hodhi liwekwe mahali pake kabla ya kujazwa. Lita 300 ni kilo 300, na hakuna atakayelisogeza tena.

Kipimajoto cha maji kinachoelea, cha aina ya bwawa la kuogelea, kinatosha kabisa. Andika kipimo kwenye daftari la siku: saa ngapi, nyuzi ngapi, nani amepima.

Namna ya kumzamisha

Dalili za ubongo zikionekana, mtu mmoja aite gari la wagonjwa huku wengine wakimvua kofia na mavazi ya kujikinga. Kinachogoma kuvulika kisiwacheleweshe. Mengine yanaweza kukatwa akiwa ndani ya maji. Ingiza kipimajoto. Kama hakipo, au kinawasumbua, msisubiri.

Watu wanne hadi sita wamwinue. Shuka lililokunjwa au taulo ndefu lipitishwe kifuani chini ya makwapa, ncha zote mbili zishikwe na mtu aliyesimama nyuma ya kichwa. Huyu hafanyi kazi nyingine yoyote. Jukumu lake ni kuhakikisha mdomo na pua haviguswi na maji, hata mgonjwa akijitupa au akitapika. Maji yafike shingoni, na taulo la barafu liwekwe kichwani.

Kisha kukoroga. Tungeliandika neno hili kwa rangi kwenye ukuta wa hodhi. Ngozi yenye moto hupasha tabaka jembamba la maji yanayoigusa, na maji yakitulia tabaka hilo humzunguka mgonjwa kama blanketi. Mtu mmoja akoroge kwa mikono au kwa kasia fupi bila kusimama, akiyapeleka maji kifuani, mgongoni na mapajani. Ukiona hodhi lina barafu tele na joto halishuki, mara nyingi anayekoroga amesimama kutazama.

Mgonjwa ataanza kutetemeka, na huenda akapiga kelele kwamba anakufa kwa baridi. Kelele ni dalili njema, fahamu zinarudi. Kutetemeka si sababu ya kumtoa. Kinachomtoa ni namba: nyuzi 39, au kwa usahihi zaidi 38.9. Ukimwacha humo hadi 37 ataendelea kushuka akiwa nje na kupita kiwango cha chini. Mkikosa kipimajoto kabisa, hesabuni dakika 10 hadi 15 za maji yanayokorogwa, kwa makadirio ya nyuzi moja kila dakika tano.

Mapigo ya moyo yakipotea, hodhi limekwisha kazi. Mtoeni, mkausheni kifua, anzeni kubonyeza, na mashine ya kushtua moyo iwe tayari hapo. Na mchezaji aliyeanguka ghafla dakika za mwanzo, bila kuyumba wala kuchanganyikiwa kwanza, huyo mfikirieni moyo kabla ya joto.

Gari likifika katikati ya tiba, wahudumu wake watataka kuondoka naye. Kanuni ni poza kwanza, safirisha baadaye, kwa sababu ndani ya gari hakuna hodhi. Hili haliwezi kujadiliwa mbele ya mgonjwa. Likubaliwe kwa maandishi na huduma ya magari ya wagonjwa kabla ya msimu, daktari wa timu akiweka saini. Akiondoka, apewe karatasi yenye saa aliyoanguka, joto la kwanza, saa aliyoingia majini, saa aliyotoka na joto la mwisho.

Kipimajoto

Bila kifaa hiki hodhi linatumika kwa kubahatisha. Paji la uso, sikio, mdomo na kwapa vyote hudanganya baada ya mazoezi: jasho, upepo, maji aliyokunywa na kupumua kwa kasi hushusha namba, na mchezaji mwenye nyuzi 41 ndani huonekana ana 38. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote, maana mtu anaketishwa kivulini na kupewa maji ya kunywa huku ubongo ukiungua.

Kinachofaa ni kihisi chembamba chenye waya unaopindika, kinachoingizwa sentimita 10 hadi 15, huku kisomeo kikibaki nje ya hodhi. Kinakaa muda wote wa kuzamishwa na kutoa namba mfululizo. Vile vifupi vigumu vya nyumbani vina kasoro tatu: haviingii kina cha kutosha, lazima vitolewe na kurudishwa, na vingi huishia karibu nyuzi 43. Weka alama ya utepe kwenye waya kwa sentimita 15 ili asiyezoea asikisie. Jeli ya kulainishia, glavu na vifuniko vya kihisi vikae kwenye mfuko mmoja na kifaa. Betri ibadilishwe mwanzo wa kila msimu hata kama bado ina nguvu.

Wachezaji waelezwe mapema, kwenye kikao cha kwanza cha msimu, kwamba kipimo hiki kipo na kwa nini. Pawe na shuka la kumsitiri na mtu wa kushuhudia. Aibu ndiyo inayofanya vyuo vingi vikwepe kifaa hiki, na aibu hiyo inamalizwa kwa maelezo mazuri kabla ya tukio.

Turubai na vingine

Turubai ndilo mbadala pekee tunaloliamini. Mgonjwa analazwa katikati, watu wanne hadi sita wanainua kingo, maji ya barafu yanamwagwa, kati ya lita 75 na 150, kisha wanalitikisa upande hadi upande ili maji yapite juu yake. Kasi yake imepimwa kati ya nyuzi 0.14 na 0.17 kwa dakika, si mbali na hodhi. Linakunjwa likaingia kwenye begi, na kwa mbio za nyika au uwanja wa ugenini usio na hodhi ndilo tungebeba. Udhaifu wake ni watu. Mikono inachoka, kingo zinashuka, maji yanakimbia. Chagua lisilopitisha maji, lenye mishono imara na vishikio, na fanyeni zoezi mkitumia mtu mzima mwenye uzito halisi wa wachezaji wenu.

Taulo za barafu ni za njiani, wakati hodhi linasogelewa. Zibadilishwe kila dakika mbili au tatu, vinginevyo zinageuka vitambaa vya moto. Bomba la kuogea lenye maji baridi ni bora kuliko kukaa bure. Fulana za kupozea na feni za mvuke zinafaa wakati wa mapumziko ya mazoezi, na hapo hatuna ugomvi nazo.

Kifaa cha kupima ukali wa joto uwanjani, kinachounganisha unyevu, jua na joto la hewa, kinastahili kununuliwa pamoja na hodhi. Unyevu hubeba asilimia 70 ya namba yake, jua 20, hewa 10, ndiyo maana siku ya mawingu yenye unyevu mwingi inaweza kuwa mbaya kuliko siku ya jua kavu. Kisimamishwe juani, kimo cha mita moja hivi, juu ya nyasi zile zile za mazoezi, na kiachwe dakika 10 hadi 15 kabla ya kusoma. Namba ya hali ya hewa unayoisoma kwenye simu inatoka kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho mbali, na nyasi bandia huwa moto zaidi. Katika maeneo yenye joto zaidi nchini Marekani, mwongozo unaotumika sana husimamisha mazoezi ya nje namba ikipita nyuzi 33.3. Maeneo ya baridi husimamisha mapema zaidi, kwa kuwa miili ya huko haijazoea.

Mwisho ni la usafi, ambalo maduka hayalisemi. Hodhi la dharura lisitumike kwa wachezaji kujipoza baada ya mazoezi. Likitumika hivyo, saa ya hatari litakutwa na maji machafu ya uvuguvugu, au na mtu ndani yake. Kama fedha zinatosha hodhi moja tu, liwe la dharura, na viwanja vingine vyote vipewe turubai, masanduku mawili ya barafu na orodha ya majina ya watakaolishika.